Midoli ya kuwaliwaza watoto idara ya dharura: kikundi kianzie wapi?

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama wa Tanga, tunaweka na kukopeshana. Mwaka huu tumekubaliana kutoa midoli kwa watoto wanaofikishwa idara ya dharura ya hospitali ya mkoa. Ndugu yetu aliyeko Uingereza anasema huko watoto hupewa dubu mdogo wa kitambaa wakifika hospitali, na ametukusanyia maboksi sita ya madubu yaliyokwisha kutumika. Wenzetu wawili ni mafundi cherehani. Tupeleke maboksi hayo, tununue mapya, au tushone? Na tukabidhi kwa nani?

JIBU: Shoneni. Maboksi ya mtumba yasifike idara ya dharura. Kabidhini kwa muuguzi kiongozi wa idara, kwa barua iliyopita kwa Mganga Mfawidhi. Hayo ndiyo majibu kwa ufupi, lakini sababu zake ni muhimu kuliko majibu yenyewe, maana mkizielewa mtaweza kuamua na mengine ambayo hamkuyauliza.

Huenda ndugu yenu anauzungumzia mpango uitwao Teddies for Loving Care, ulioanzishwa mwaka 2001 na Freemasons wa jimbo la Essex, kisha ukaenea sehemu nyingine za Uingereza. Australia nako Chama cha Msalaba Mwekundu kina wanasesere wa kufuma kwa mkono, Trauma Teddy, wanaofumwa na watu wa kujitolea na kukabidhiwa wahudumu wa ambulensi na hospitali. Igeni jambo moja kutoka kwao: aliyetoa mdoli haonekani. Mdoli unakaa kabatini idarani, na muuguzi au daktari aliye zamu ndiye anayeamua mtoto gani apewe, na kwa wakati gani. Mpango ambao wafadhili wanakuja Jumamosi na fulana zao kugawa kitanda hadi kitanda unaweza kumfurahisha mtoto wa Jumamosi hiyo. Yule anayeletwa Jumanne saa nane usiku, ameungua uji, hauna msaada naye.

Mdoli unafanya nini hasa pale? Mtoto mwenye hofu analia, anarusha miguu, anabana mkono. Kumwekea kanula, yaani mrija mdogo wa kuingizwa mshipani, kunahitaji watu watatu wa kumshika, sindano inatoka nje ya mshipa, anachomwa upya, na hofu inazidi. Vipimo navyo vinapotea. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika huhesabiwa kuwa za haraka. Kwa wa miezi 12 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Mwongozo wa matibabu ya watoto unataka zihesabiwe dakika nzima mtoto akiwa ametulia, kwa sababu kilio peke yake kinapandisha pumzi na mapigo ya moyo. Muuguzi anayehesabu juu ya kilio anaweza kuona nimonia pasipo na nimonia, au akashindwa kabisa kuhesabu. Mtoto aliyetulia mapajani mwa mama, ana kitu mkononi, anampa muuguzi namba ya kweli. Kwa hiyo nakuombeni mdoli muuone kama kifaa cha kazi, na kifaa kinatakiwa kiwepo kabla kazi haijaanza.

Hapo ndipo mipango mingi inapokosea. Mdoli unatolewa mlangoni mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani, kama zawadi ya kuvumilia. Wakati wake ni pale mwanzoni, kwenye meza ya kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali, au mara mtoto anapoingizwa chumba cha taratibu na trei ya sindano bado haijaonekana. Mtoto ambaye hali yake ni ya kufa na kupona, asiyepumua vizuri, mwenye degedege au aliyezimia, huyo anahudumiwa kwanza. Mdoli unamsubiri pembeni hadi azinduke.

Waombeni wauguzi wapewe nusu saa ya kuonyeshana matumizi yake. Uingereza na Marekani hospitali kubwa zina wataalamu walioajiriwa kwa kazi ya michezo ya watoto wagonjwa; hapa kazi hiyo itamwangukia muuguzi, naye ana wagonjwa wengine kumi, hivyo mafunzo yawe mafupi na yahusu vitendo. Mdoli unapitia kwa mama, na mama ndiye anayempa mtoto, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu humwogopa mgeni hata akiwa na zawadi. Kisha muuguzi anamsikiliza mdoli kifuani kwa kipimo chake, anamfunga bandeji mkononi, anamvalisha barakoa ya nebulaiza (mashine ya kuvutia dawa kama mvuke), halafu anasema, "Sasa zamu yako." Mtoto akae mapajani, kifua kikigusana na kifua cha mama, mkono unaofanyiwa kazi ukitolewa pembeni chini ya kwapa la mama. Kumlaza chali na kumkandamiza kunamtisha kuliko sindano. Asiambiwe "haiumi". Aambiwe, "Itauma kidogo, hesabu na mimi mpaka tano." Aliyedanganywa mara ya kwanza hakubali mara ya pili.

Na mdoli usichukue nafasi ya dawa ya maumivu. Hili liandikeni kwenye barua yenu, mtaonekana mnajua mnachokifanya. Mtoto aliyevunjika mkono anahitaji dawa ya maumivu kwa uzito wake, mwenye jeraha la kushonwa anahitaji ganzi, na mdoli unasaidia juu ya hayo. Mtoto mchanga hata mdoli hauhitaji: kunyonya wakati wa kuchomwa kunampunguzia maumivu, na hilo ni bure.

Umri nao una mambo yake. Chini ya miezi sita, mpeni mama nafasi ya kumbeba na kumwimbia. Kuanzia mwaka mmoja hadi kama sita, mdoli laini wa kushikwa kwa mkono mmoja ndio unaofaa hasa. Kuanzia saba hadi kumi wengi bado wanaupenda, ila mbele ya kaka zao wanaona haya. Wekeni pia daftari la kuchorea na penseli nne za rangi. Mapovu ya sabuni ni mazuri ajabu kwa umri huo, kwa kuwa ili upulize inabidi uvute pumzi ndefu na kuitoa polepole, na hiyo peke yake inalegeza mwili. Kichupa kiwe cha mtoto mmoja. Kijana wa miaka 13 anayepewa dubu atahisi amedharauliwa. Huyo mpeni karata au kitabu cha mafumbo, au muulizeni tu anapenda timu gani.

Sasa maboksi ya mtumba. Mwaka 1986 watafiti wa Memphis, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo: watoto waliolazwa walipewa madubu yaliyotakaswa kabisa, na ndani ya wiki moja yote yalikuwa yamebeba vijidudu. Kama dubu safi wanafika huko kwa wiki moja, aliyelala na watoto watatu wa familia moja, akakaa darini, akasafiri kwenye kontena lenye unyevu, hatujui amebeba nini. Kumfua kwa mkono kunasafisha ngozi yake. Tumboni maji yanabaki, na ukungu unaota ndani ambako hamuuoni. Hospitali za Uingereza hufua nguo za wagonjwa kwa nyuzi 65 za Selsiasi kwa dakika kumi, au nyuzi 71 kwa dakika tatu. Macho ya gundi na manyoya marefu ya madubu mengi hayahimili joto hilo, na sisi wengi hatuna mashine ya kulifikia. Na kamati ya hospitali ya kuzuia maambukizi ina haki ya kuyakataa maboksi yote getini. Msiyatupe. Yafueni, yaanikeni juani siku mbili tatu hadi yakauke ndani kabisa, kateni macho ya plastiki yanayolegea, kisha pelekeni shule ya awali. Na mwambieni ndugu yenu, kwa shukrani zote, kwamba fedha ya kusafirisha boksi jingine ingewanunulia nyinyi pamba ya kujazia.

Kununua mapya madukani kuna hatari yake. Midoli ya bei ndogo mara nyingi ina macho ya kubandika, kengele tumboni, taa, au betri bapa za duara kama za saa. Betri hizo msizikubali kwa hali yoyote: ikimezwa na kukwama kwenye umio, inaanza kuunguza ndani ya saa mbili. Sumaku ndogo nazo, mtoto akimeza mbili, huvutana na kubana utumbo katikati mpaka utoboke. Midoli ya mpira ya kuogea inayorusha maji pia hapana. Melbourne, Australia, ripoti iliyochapishwa mwaka 1998 ilieleza jinsi bakteria aina ya Pseudomonas, sugu kwa dawa nyingi, walivyosambaa katika wodi ya watoto wenye saratani, na midoli ya kuogea ikahusishwa, kwa sababu maji hubaki ndani na hayakauki. Mkiamua kununua, ulizeni kama bidhaa imepimwa kwa kiwango cha usalama wa midoli, ISO 8124 cha kimataifa au EN 71 cha Ulaya, na bado mpime wenyewe kama nitakavyoeleza.

Kwa mafundi wawili mlio nao, kushona ndiko kunakofaa zaidi. Mchoro uwe rahisi: kipande cha mbele na cha nyuma, mikono na miguu mifupi iliyounganika na mwili, bila viungo vya kushonea pembeni, kwa kuwa kila kiungo kilichoongezwa ni mahali pa kukatika. Urefu sentimita 20. Dubu hana maana kubwa kwa mtoto wa Tanga; sungura anamjua kwenye hadithi, na masikio yake ni mpini mzuri wa mkono mdogo. Tembo naye anafaa.

Kitambaa kiwe cha pamba kama cha shuka, kisicho na manyoya, kwa sababu manyoya hushika moto haraka na kuficha uchafu. Kifueni kwanza kabla ya kukata. Halafu loweka kipande, kisugueni kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kirudisheni dukani, maana mtoto atakinyonya. Kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 110, kila kipande kikichukua sentimita 25 kwa 20, mita moja inatoa vipande 20, yaani midoli 10. Ndani jazeni pamba ya poliesta mpya, ile ya mito, gramu kama 50 kwa mdoli. Sufi inakusanya vumbi na inakawia kukauka, mabaki ya godoro hukatika vipande vya kumkaba mtoto, na maharage au mchele huleta wadudu na panya kabatini.

Mshono uwe mfupi, milimita mbili kwa kila hatua, na upite mara mbili, ukiacha sentimita moja ya kitambaa nje ya mshono. Tundu la kujazia lisizidi sentimita tano, lizibwe kwa mkono kwa uzi wa poliesta uliokunjwa mara mbili. Macho, pua na mdomo vidarizwe kwa uzi. Hapana kifungo, ushanga, utepe shingoni, wala waya ndani ya masikio. Kukosekana kwa chuma kuna faida nyingine pia: mtoto anaweza kuushika mdoli akiwa anapigwa picha ya eksirei, mradi usikae juu ya sehemu inayopigwa picha.

Kisha upimaji. Chukueni mdoli mmoja kati ya kila 20. Kiwango cha EN 71 kinauvuta mshono wa mdoli laini kwa nguvu ya nyutoni 70, ambayo ni karibu na uzito wa kilo saba. Nyumbani: mbaneni mdoli kwa vibanio viwili vya mbao, kimoja kila upande wa mshono, mninginizeni, na upande wa chini tundikeni ndoo ambayo pamoja na maji yake ina kilo saba, kwa sekunde kumi. Mshono ukifunguka hata pamba ikaonekana, kundi lote la 20 linarudi cherehani. Chochote kinachoweza kutoka kwenye mdoli na kuingia katika tundu la kipenyo cha milimita 31.7 ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kama hamna kipimo hicho, tumieni bomba la karatasi la ndani ya toileti pepa, ambalo ni pana kidogo kwa hiyo linawaweka upande wa salama.

Jambo moja ambalo vikundi vingi havilifikirii ni sindano iliyovunjika. Fundi ahesabu sindano na pini kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Sindano ikikatika na kipande kisipatikane, midoli yote ya kikao hicho ipitishwe sumaku yenye nguvu, mmoja mmoja. Kama kipande hakikuonekana, kundi hilo halitolewi. Naomba hapa msione uchungu wa hasara.

Idadi msiikisie. Mwombeni muuguzi kiongozi awasomee rejesta ya MTUHA, yaani daftari la taarifa za huduma za afya: watoto wa chini ya miaka 12 waliopita idarani kwa mwezi. Tuseme ni 15 kwa siku, sawa na 450 kwa mwezi. Hamuwezi kuwapa wote, wala haihitajiki. Kubalianeni kwamba anapewa anayechomwa kanula, anayeshonwa, anayefungwa kidonda cha moto, anayewekewa plasta ya mfupa uliovunjika, aliyeletwa bila mzazi, na yeyote ambaye muuguzi ameona ameshikwa na hofu. Ikiwa hao ni theluthi moja, mnahitaji midoli 150: mita 15 za kitambaa na kilo saba na nusu za pamba. Anzeni na mwezi huo mmoja kabla ya kuahidi mwaka. Mpango ukikauka mwezi wa tatu, wauguzi wanaacha kuukumbuka, na hata shehena mpya ikija haitumiki.

Kila mdoli ufungwe kwenye mfuko safi wa plastiki uliozibwa. Mfuko huo auondoe muuguzi na kuutupa yeye mwenyewe. Usifike mikononi mwa mtoto mdogo, anaweza kuuvaa usoni akakosa hewa. Mdoli ukishatoka mfukoni ni mali ya mtoto huyo, anaondoka nao, haurudi kabatini hata kama hakuugusa. Idara ikitaka pia vitu vya kuchezea kwa pamoja sehemu ya kusubiria, viwe vya plastiki ngumu isiyo na matundu. Vioshwe kwa sabuni, viloweshwe dakika kumi katika maji ya klorini ya asilimia 0.1, visuuzwe, vikauke. Kwa dawa ya klorini ya asilimia 3.5, hiyo ni mililita 30 kwa lita moja ya maji.

Halafu ufunguo. Hili ndilo linaloua mipango mizuri kuliko yote niliyotaja: midoli inafungiwa ofisini kwa metroni, metroni anaondoka saa tisa na nusu alasiri, na dharura za watoto zinaendelea kuja usiku na Jumapili. Ombeni kasha dogo la midoli kumi likae ndani ya idara, lihesabiwe wakati wa kukabidhiana zamu kama vinavyohesabiwa vifaa vingine, na lijazwe kutoka stoo kila asubuhi. Daftari liwe na safu tatu tu: tarehe na zamu, umri, sababu ya kupewa. Jina la mtoto halihitajiki. Mkidai maelezo mengi, muuguzi atachagua kutotoa mdoli kuliko kujaza fomu.

Mzazi aulizwe kwanza. Kwetu kitu cha bure kutoka kwa mtu usiyemjua kinazua maswali, na jina la Freemasons, ambalo kule Essex liko wazi kwenye mpango wao, hapa lingetosha kuufanya mdoli utupwe jaani. Msiweke alama wala nembo yoyote kwenye mwili wa mdoli. Ndani ya mfuko wekeni karatasi yenye mistari miwili: umeshonwa na akina mama wa mtaa fulani, ni wa mtoto, haulipiwi. Familia nyingine kwa imani yao hazipendi sanamu yenye sura. Kwa ajili yao shoneni mipira ya vitambaa vya rangi, ukubwa wa chungwa kubwa, na muuguzi awape wachague bila kuuliza sababu.

Mtoto aliyetengwa kwa ugonjwa wa kuambukiza ana utaratibu wake. Surua au kipindupindu: mdoli unabaki naye, na wauguzi waamue kama utatoka. Katika kituo cha magonjwa kama Ebola au Marburg, uliozuka Kagera mwaka 2023, kilichoingia eneo la wagonjwa hakitoki na mwishowe huchomwa. Mzazi aambiwe kabla mtoto hajapewa, au apewe karatasi na rangi badala yake. Na mtoto akifariki, mdoli ni wa familia. Wakitaka kuondoka nao, wasizuiwe. Wakiuacha, usipewe mwingine.

Kuhusu picha: msipige watoto, hata mzazi akikubali. Mzazi aliye dharura hana nafasi ya kukataa kwa uhuru, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti. Wafadhili wenu wapigieni picha midoli mezani na daftari la matumizi.

Barua ipelekwe kwa Mganga Mfawidhi, nakala kwa muuguzi kiongozi wa idara, kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali na kwa kamati ya kuzuia maambukizi. Iwe na ukurasa mmoja: mnachotoa, idadi kwa mwezi, kitambaa na ujazo, jinsi mlivyopima, na nani wa kumpigia simu stoo ikipungua. Ambatanisheni cheti cha usajili wa kikundi kutoka halmashauri, na midoli miwili: mmoja mzima, mwingine uliopasuliwa tumbo waone pamba na mshono wa ndani. Baada ya wiki nne rudini kwa wauguzi wa zamu ya usiku, wao hasa, muwaulize ni mara ngapi walikuta kasha tupu, mtoto gani aliukataa mdoli, na kama kuna mshono uliofumuka. Kundi la pili lishonwe kwa kufuata majibu hayo.